Barua kwa mpwa wangu: besi ya Plastic People haiuzwi dukani

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza ununue sintesaiza gani ili besi yako isikike kama ile ya Plastic People, albamu ya Kraak & Smaak. Usinunue kitu. Noti zako ni ndefu mno, na dawa ya hilo haina duka.

Hao Kraak & Smaak ni watatu, wa Leiden, Uholanzi: Oscar de Jong, Mark Kneppers na Wim Plug. Albamu yao ya kwanza, Boogie Angst, ilitoka 2006, na hii ya pili ikafuata 2008 chini ya Jalapeno Records ya Uingereza. De Jong ni mtu wa vinanda, wenzake ni watu wa meza ya DJ. Ndiyo maana funk yao ina mkono wa mpigaji na hesabu ya mtu anayeangalia miguu ya wachezaji. Anza na "Squeeze Me", wimbo alioimba Ben Westbeech, tena fumba macho: video yake ya vijitabu vinavyopeperushwa kurasa ni tamu kiasi cha kukuibia masikio.

Sasa fungua mradi wa wimbo wako. Weka kasi ya mapigo 110 kwa dakika. Najua mkono wako umezoea singeli ya 200 na kuendelea, na hapa utahisi umekwama kwenye foleni. Vumilia. Kwa kasi hiyo, noti moja ya kumi na sita (robo ya pigo) inachukua milisekunde 136 hivi. Noti zako za besi zote zinaijaza hiyo nafasi mpaka ukingoni, kwa hiyo inayofuata haina pa kugongea. Zikate zibaki kama 90. Ule ukimya wa milisekunde arobaini na kitu ndio unaomfanya mtu atikise shingo. Halafu katikati ya noti kubwa penyeza ndogondogo za nguvu ya 30 hadi 40 kati ya 127, ziwe za kuhisiwa tu. Ukizipandisha zifike 80, besi inaanza kupiga porojo.

Swingi iwe asilimia 56. Maana yake kila noti ya pili inachelewa milisekunde 16 hivi. Iweke kwenye haihati (visahani vya ngoma) na kinanda, lakini kiki (ya ngoma, si ya magazetini) iache palepale kwenye mstari. Ukichelewesha vyote kwa pamoja, sikio halina cha kupimia huo uchelewaji, na biti inasikika imelewa.

Umbo la besi ni rahisi. Osileta (vizalisha mawimbi) mbili, moja ya wimbi la msumeno, nyingine ya mraba, oktava ileile. Wewe umezitenganisha kwa senti 10 (sehemu ya kumi ya nusutoni) ili "inenepe". Piga hesabu: kwenye A ya 55 Hz, senti 10 ni tofauti ya 0.3 Hz, kwa hiyo mawimbi yanapishana na kukutana tena kila baada ya sekunde tatu. Ndiyo sababu ulilalamika kwamba noti nyingine zinagonga na nyingine zinamezwa, ukadhani ni spika. Rudisha kwenye sifuri, au washa kile kitufe kinachoanzisha wimbi upya kila unapobonyeza noti. Filta (kichujio cha sauti za juu) ianzie karibu 250 Hz, bahasha yake, yaani mwendo wake wa kufunguka na kufunga, ifunguke mara moja na kushuka ndani ya milisekunde 150. Rezonansi (msisitizo pale filta inapokatia) kidogo tu. Kwenye filta za mtindo wa Moog, ukiipandisha, sauti ya chini inakimbia. Unabaki na mlio wa "miau" usio na tumbo.

Kiki yako nayo ina mkia mrefu. Ufupishe hadi milisekunde 180, vinginevyo inagombania chumba kimoja na besi. Umejaribu kuwaamua kwa kompresa inayoibana besi desibeli 8 kila kiki inapopiga. Hiyo ni ya muziki wa haus, besi inapumua kama mtu aliyepanda ngazi. Hapa desibeli 2 au 3 zinatosha, na iachie ndani ya milisekunde 100, ili noti inayofuata isikute mlango umefungwa.

Kuhusu ule mlio wa kukwaruza uliouita gitaa: hicho ni klavineti (kinanda cha nyuzi cha umeme), au kitu kilichoigizwa hivyo. Klavineti yenyewe, Hohner D6, ina nyuzi 60, moja kwa kila kibonye, na chini ya kibonye kuna kipira kinachougandamiza uzi kwenye chuma. Ukiachia, sufi iliyozungushwa upande mmoja wa nyuzi inaunyamazisha papo hapo. Haina pedali ya kurefusha sauti. Kwa hiyo ondoa pedali uliyoirekodi kwenye MIDI (rekodi ya vibonye, si ya sauti), kata kila kitu chini ya 200 Hz, na gawa upigaji kwa mikono miwili: kulia noti zenyewe, kushoto mapigo makavu ya kujazia. Mkono mmoja pekee unatoa kwaya ya kanisani.

Kabla hujaridhika, bana kila kilicho chini ya 120 Hz kiwe mono (sauti moja, bila kushoto na kulia). Kumbi nyingi mfumo wao ni mono, na besi iliyotandazwa kushoto na kulia inajila yenyewe huko. Kisha sikiliza kwenye simu. Spika ya simu haitoi 55 Hz hata uiombe, kwa hiyo besi ikipotea usiipandishe. Ikwaruze kidogo kwa sacheresheni, ili mlio wake wa 200 Hz na zaidi uibebe. Kuipandisha kutakuharibia spika za gari na simu itabaki kimya vilevile.

Mpangilio sijaugusa. Kuna kinanda cha pili kwenye kiitikio ambacho sioni kazi yake, tutakiongelea.

Nitumie tena WAV, si MP3, kilele cha sauti kisizidi desibeli −6, na kiki na besi kila moja kwenye faili lake.

Mjomba wako