Shahada ya filamu: takwimu hizi zinamhesabu nani?

Mhariri,

Ukurasa wako wa elimu umeipima shahada ya filamu ya vyuo vikuu vya Marekani kwa mambo matatu: gharama, kipato cha wahitimu na mchanganyiko wa wanafunzi kwa rangi na asili. Nafundisha kunasa sauti za filamu, na wazazi hunijia na takwimu za aina hiyo mkononi wakiuliza kama mtoto aende au asiende. Shida ni kwamba majedwali hayo hayahesabu watu walewale.

Chukua kipato. Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani, zile za College Scorecard, zinahesabu tu wanafunzi waliopata mkopo au ruzuku ya serikali kuu. Aliyelipiwa na wazazi hamo. Mwanafunzi wa kigeni hamo pia, kwa kuwa kwa kawaida haruhusiwi kuchukua mikopo hiyo. Na programu yenye wahitimu wachache mno huachwa bila tarakimu ili kulinda siri za watu. Sasa geukia jedwali la mchanganyiko. Humo mgeni yumo, ila amewekwa fungu lake peke yake bila kujali rangi, hivyo kijana aliyetoka Lagos hahesabiwi miongoni mwa weusi. Chuo kinaweza kujaza darasa watoto wa matajiri kutoka mabara manne, kikapiga picha nzuri ya tangazo, na pasiwe na safu hata moja inayoonyesha kwamba mtoto wa kibarua hakuingia.

Kuhusu deni, mwaka 2021 gazeti la Wall Street Journal lilichambua takwimu za serikali na kukuta kwamba nusu ya waliokopa serikalini kusomea uzamili wa filamu Chuo Kikuu cha Columbia walidaiwa dola 181,000 au zaidi, na miaka miwili baada ya kuhitimu nusu yao walikuwa wakipata chini ya dola 30,000 kwa mwaka. Ni haki kusema kwamba miaka miwili ni michache katika kazi yetu. Watu huanza kwa kubeba nyaya na kupanga vibali, kazi huja mradi kwa mradi, na kati ya mradi na mradi hakuna mshahara. Lakini riba ya mkopo wa uzamili huanza kuhesabiwa tangu siku fedha zinapotolewa. Haimsubiri mtu apate jina.

Na kuna gharama ambayo haimo kwenye ada hata kidogo: filamu ya kuhitimu. Chuo kinakuazima kamera. Hakikulishii kikosi cha watu kumi na wawili wanaofanya kazi kutwa nzima bila malipo, na watu wa namna hiyo ukiwanyima chakula cha moto kesho hawaji. Kuna usafiri, bima, kibali cha mahali, haki za muziki, diski mbili za kuhifadhi picha kwa sababu diski moja ikiharibika umepoteza kila kitu, kisha ada za kuomba kuingia kwenye matamasha. Mvua ikikatiza siku ya upigaji, mwenye uwezo anaongeza siku. Asiye na uwezo anafuta tukio. Nimekaa na wanafunzi hawa wasio na uwezo wakitafuta namna ya kuziba kwa sauti pengo la picha ambayo haikupigwa. Siku ya maonyesho wageni huona filamu mbili, moja imekamilika na nyingine ina mapengo, na hukumu yao juu ya kipaji hutoka hapohapo.

Inawezekana kufanya vingine. UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, ya miaka ya sabini, wakati ada ilikuwa ndogo, iliwalea waongozaji filamu weusi Charles Burnett, Julie Dash na Haile Gerima aliyetoka Ethiopia. Burnett alipiga filamu yake ya uzamili kwa chini ya dola 10,000, wikendi kwa wikendi, akiwatumia marafiki na majirani wa Watts, mtaa wa Los Angeles. Naamini ada ndogo ile ilifungua mlango kuliko tangazo lolote la leo.

Sheria ya Marekani iliyotiwa saini Julai 2025 inafunga ule mkopo wa serikali uliowaruhusu wanafunzi wa uzamili kukopa gharama yote. Kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026, kikomo kwa fani kama filamu ni dola 20,500 kwa mwaka na dola 100,000 kwa jumla. Vyuo visiposhusha ada, asiye na mtu wa kumdhamini akope benki ataishia njiani, na jedwali la rangi huenda lisibadilike hata kidogo.

Kwa hiyo nakuomba, Mhariri: safari ijayo, kabla ya kuchapa majedwali ya chuo chochote, kiulize wanafunzi wake walitumia kiasi gani kwenye filamu ya kuhitimu, fedha zile zilitoka kwa nani, na wangapi waliacha masomo kabla ya kuikamilisha. Kikikataa kujibu, andika kwamba kimekataa.

Wako,
Mkufunzi wa sauti za filamu