Tunaomba leni ya matatu Lanet hadi mjini

Mhariri,

Jumatatu nilipanda matatu Lanet saa moja kasorobo, tulipofika Free Area tukasimama kabisa, dere akazima injini akafungua chupa ya chai. Simu yangu haikuwa na chaji so nikaanza kuhesabu magari ya kibinafsi yaliyokuwa yanatambaa kando yetu. 11. Kati ya hayo, 9 yalikuwa na dereva peke yake, mmoja mkoba wake umekaa kiti cha mbele kama abiria. Sisi kwa matatu yetu tulikuwa watu 14 na kuku mmoja (huyo hakulipa), yaani tulikuwa wengi kuliko hao wote wakiwekwa pamoja, na jam tunakula sawa nao.

Sasa hii barabara ya Rironi hadi Mau Summit si inapanuliwa, naomba wanaohusika huku kwetu Nakuru watenge leni moja ya matatu na mabasi, hata kama ni asubuhi na jioni peke yake. Wakiongeza lami tu, wale wanaoachaga gari nyumbani juu ya jam watatoka nazo zote na tutarudi palepale Free Area na chupa ya chai.

Na jameni msituletee rangi. Thika Road ilipakwa laini nyekundu 2018 ya mabasi ya kasi, tukangoja mabasi hadi rangi ikafifia. Dar es Salaam mwendokasi ilianza 2016, Kimara hadi Kivukoni, iko na njia yake katikati ya barabara na ukingo umeitenga, si mchoro.

Najua kuna mtu atasema matatu ndizo zinaleta jam. Ni kweli, hata yetu ilisimama mara tatu mahali hakuna steji kuokota mtu mmoja mmoja, na yule makanga alikuwa ananing'inia mlangoni akiita watu utadhani gari ni tupu. Lakini yeye anatafuta pesa ya mwenye gari na muda umeisha kwenye jam, atafanyaje? Mpeni leni, mpeni na steji zinazoeleweka, akisimama kwingine mshikeni, hapo hata mimi simtetei.

Mimi siku hiyo nilifika kazini saa mbili na robo nikapata mwenye duka ameshafungua mwenyewe, anafagia.

Abiria wa Lanet,
Nakuru