Asante kaka uliyenirudishia waifai

Kaka yangu wa juzi, jina lako sikuuliza, lakini asante sana. Kompyuta yangu ndogo ya inchi 10, RAM GB 1, imekaa kabatini miaka miwili kwa kuwa haikuona waifai hata moja. Kila fundi niliyempelekea alisema kadi ya waifai imekufa. Wewe uliandika amri «lspci -nn» tu, ile inayoorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta, ukasoma namba ya kadi, ukaniambia kadi ni nzima: draiva yake ya b43, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, imo ndani ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, ila programu ndogo inayoiendesha kadi yenyewe haimo, mambo ya leseni. Ukachomeka waya wa intaneti, ukaipakua, tukawasha upya. Taa ya buluu ikawaka! Binti yangu sasa anasomea humo kila jioni. Mungu akuzidishie, kaka.