Kabla Hujalipia Jina la Baba, Muulizie Babu Mzaa Mama

Wateja wengi wanaotutumia ukurasa wa katalogi ya mnada wa farasi wa mbio huwa wameshapigia mstari jina moja tu, la baba. Swali linalofuata tunalijua: "Baba alikuwa bingwa, mtoto si atakimbia?" Kazi yetu ni kumsomea mnunuzi nasaba za farasi wa damu safi, na swali hilo huwa tunalijibu kwa habari za farasi mmoja aitwaye Secretariat.

Ubingwa wake hauna ubishi. Alizaliwa Virginia, Marekani, Machi 1970, baba yake Bold Ruler, mama Somethingroyal. Mwaka 1973 alitwaa Kentucky Derby, Preakness na Belmont, mataji matatu makubwa ya mbio za Marekani ambayo hakuna farasi aliyekuwa ameyakusanya tangu Citation mwaka 1948. Kwenye Derby, kila robo maili aliikimbia kwa kasi kuliko iliyotangulia. Wenzake wanachoka, yeye anaongeza mwendo. Halafu Belmont: maili moja na nusu kwa dakika 2 na sekunde 24. Ron Turcotte, aliyempanda, alipata hata nafasi ya kugeuza shingo kuangalia saa ya uwanja, maana aliyemfuata alikuwa nyuma kwa urefu wa farasi 31. Rekodi hiyo ya mbio za udongo haijavunjwa hadi leo. Alikimbia mara 21, akashinda 16. (Alipigwa pia. Mwaka huohuo kule Saratoga, farasi aitwaye Onion alimwacha.)

Hata kabla ya mataji hayo, haki za kumpandisha kwa majike ili azalishe zilikuwa zimeshauzwa: hisa 32, kila moja dola 190,000, mpango ulioratibiwa na Seth Hancock wa shamba la Claiborne, Kentucky. Waliolipa walitaka Secretariat mwingine. Hawakumpata. Si kwamba alizaa hovyo: binti yake Lady's Secret alikuwa Farasi wa Mwaka Marekani 1986, Risen Star alishinda Preakness na Belmont 1988, na Kingston Rule akachukua Melbourne Cup ya Australia 1990. Lakini kati ya mamia ya watoto wake hakuna aliyemfikia, na wanawe wa kiume hawakuuendeleza ukoo kwa kiwango kilichotarajiwa. Wapo waliosema ameshindwa kazi ya uzazi.

Walikuwa wanatazama upande usio wake. Binti yake Weekend Surprise alimzaa A.P. Indy, mshindi wa Belmont 1992, na Summer Squall, mshindi wa Preakness 1990. Binti mwingine, Secrettame, alimzaa Gone West, dume aliyesifika kwa uzazi. Wa tatu, Terlingua, alimzaa Storm Cat, dume ambaye ada yake ya kumpandisha jike mmoja ilifika dola 500,000. Mchukue Justify, aliyetwaa mataji matatu mwaka 2018, ufuate nasaba yake kwa upande wa baba, kizazi kwa kizazi: Scat Daddy, Johannesburg, Hennessy, Storm Cat. Mama wa Storm Cat ni Terlingua, na baba wa Terlingua ni Secretariat. Mchoro wa kawaida wa katalogi huishia vizazi vitatu, kwa hiyo jina hilo hulioni kabisa.

Utasikia minadani kwamba siri ni moyo. Secretariat alipokufa Oktoba 1989, daktari aliyempasua alikadiria moyo wake kuwa na kilo 10 hivi, zaidi ya maradufu ya kawaida, na ikazuka nadharia kwamba dume hurithisha moyo wa namna hiyo kwa mabinti peke yao. Ni hadithi tamu, haijathibitishwa, na hatukutozi hela kwa ajili yake.

Damu nzuri nayo haitoi hati ya dhamana. Mwaka 1969 Ogden Phipps, wa familia iliyommiliki Bold Ruler, na Penny Chenery, wa familia iliyommiliki Somethingroyal, walirusha sarafu kuamua nani achague kwanza watoto wa Bold Ruler. Phipps alishinda, akamchukua The Bride, dada wa Secretariat kwa baba na mama. Hakushinda mbio hata moja. Chenery, aliyeshindwa, akabakiwa na mimba ya Somethingroyal, na ndiye Secretariat huyo.

Kwa hiyo ukitutumia ukurasa, tunaanzia nusu ya chini, kwa mama. Majina ya herufi nzito ni ya farasi waliong'ara katika mbio kubwa; tunahesabu mangapi ni ya watoto wa mama huyo hasa, na mangapi yamekopwa kwa bibi na mama wa bibi ili ukurasa ujae. Kumbuka pia kwamba katika biashara hii ndugu ni wa tumbo moja. Wa baba mmoja tu hawahesabiwi, maana dume mmoja huwa na watoto kila kona. Kisha tunamtazama babu mzaa mama, na mabinti zake wengine wamezaa nini.

Pamoja na ukurasa, tuandikie unanunua wa kukimbia au wa kuzalisha. Jike asiye na ushindi wowote anaweza kuwa hasara kwa mteja anayetaka wa kukimbia, na kwa anayetaka wa kuzalisha akawa ndiye tutakayeshauri aongezewe dau.