Mdogo wangu uliyeuliza kwa nini tusimzike Bibi Kinondoni

Mdogo wangu,

Swali lako uliloliandika kwenye kundi la familia usiku ule Bibi alipofariki halikujibiwa. Lilifunikwa na poleni nyingi na mishumaa mpaka likapotelea juu huko. Uliuliza kwa nini tusimzike Kinondoni, au popote pale Dar es Salaam, badala ya kumsafirisha zaidi ya kilomita 500 hadi kwetu Marangu, Kilimanjaro, na gharama zote zile. Shangazi alikasirika, akasema Uingereza imeshakuharibu. Mimi sikuona ubaya wa swali. Ila usiku ule kulikuwa na jeneza la kutafuta, Coaster za kukodi na mchungaji wa kupigiwa simu, nani angekaa kukujibu? Nakujibu leo, tena hadharani, maana najua wako wengi wanaojiuliza hayo hayo huku wakichanga kimya kimya.

Nianze na pale uliposema kweli. Uliandika kwamba hela ya matibabu ilipatikana kwa kubembelezana, halafu ya msiba ikatimia kabla hakujakucha. Ni kweli tupu. Watu waliokuwa hawapokei simu za baba mkubwa alipokuwa akihangaikia dawa walituma rambirambi, kisha wakapiga kuuliza kama majina yao yameandikwa kwenye daftari. Yaliandikwa. Kamati ya mazishi kwetu inaundwa ndani ya saa moja, ina mwenyekiti, mweka hazina, mtu wa usafiri, mtu wa chakula. Kamati ya mgonjwa sijawahi kuiona. Hapo simtetei mtu, na shangazi naye akisoma hapa anisamehe.

Lakini la Kinondoni ni jambo lingine.

Bibi alikaa Dar miaka yake ya mwisho, ndiyo, lakini hakuwahi kuhamia. Alikuwa mgonjwa aliyekuja kutibiwa, basi. Kila akitolewa nje kuota jua pale kwa baba mkubwa, alikuwa anauliza nani anapogoa migomba yake na kama zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, imefika kwetu. Tulimwambia baba mdogo yupo, anashughulikia. Hakuamini hata siku moja.

Siku ya kuaga mwili pale Dar, watu walijaa mpaka barabarani. Wafanyakazi wenzake baba mkubwa, majirani, watu wa kanisani, akina mama wa kikoba. Waliimba vizuri, wakatupa pole, wakala, wakaondoka. Nawashukuru sana. Lakini nilipita nikiangalia zile nyuso, nikawa najiuliza ni wangapi waliowahi hata kusalimiana na marehemu. Walikuja kwa ajili yetu sisi, na si vibaya. Kama tungemzika Kinondoni, hao ndio wangekuwa waombolezaji wake.

Tuliondoka jioni. Njia unaifahamu: Chalinze, Segera, Korogwe, halafu ile barabara ndefu inayoambaa na milima ya Usambara na Upare mkono wa kulia, mpaka ufike Himo ukunje kupanda. Waliobanwa na kazi walifuata kwa mabasi ya usiku kutoka Mbezi, jambo ambalo kabla ya mwaka 2023 lilikuwa limepigwa marufuku kwa miaka mingi. Tuliposimama Mombo madereva wapate chai, baba mkubwa alikataa kuingia hotelini. Alisimama pembeni ya gari lililobeba mwili, mikono mfukoni, akasema mama yake hawezi kuachwa peke yake stendi.

Nikasimama naye. Hapo ndipo aliponitajia Mangi Meli, yule chifu wa Wachagga, bila mimi kuuliza kitu. Unaijua habari yake: Wajerumani walimnyonga Old Moshi mwaka 1900, na inaaminika kichwa chake walikipeleka kwao. Ukoo wake unakitafuta mpaka leo. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba mafuvu matatu yaliyokuwa Berlin yana ndugu walio hai huku Kilimanjaro, lakini la Meli halikupatikana. "Wenzetu wanatafuta fuvu zaidi ya miaka 120," baba mkubwa akasema, "sisi tuna mwili mzima na barabara ya lami, halafu mtu ananiuliza gharama." Nadhani alikuwa anakujibu wewe. Sikumwambia kwamba ulikuwa na nusu ya ukweli, haukuwa wakati wake.

Tulipofika nyumbani vijana wa kijijini walikuwa wameshaanza kuchimba, na kulikuwa na ugomvi. Kaburi la Babu, kama unakumbuka, liko chini kidogo ya nyumba, na masale yake kichwani, ile mimea tunayopanda kuweka alama, yameshakuwa kichaka. Ili Bibi alale pembeni yake ilibidi mgomba mmoja ukatwe, wa aina ya mshare, tena wenye mkungu ambao haujakomaa sawasawa. Shangazi akasimama mbele ya panga. Ule mgomba Bibi aliupanda mwenyewe, akasema, sogezeni kaburi. Wachimbaji wakajibu wakilisogeza watakuwa wamemtenga na mume wake. Wakabishana kwa Kichagga, haraka haraka, nikawa naambulia neno hapa neno pale. Mwishowe baba mdogo akachukua panga, akaukata yeye mwenyewe kwa mapigo mawili, akaubeba ule mkungu begani mpaka jikoni. Ukaingia kwenye mtori wa siku ile. Shangazi hakuunywa.

Wewe uliiona ibada kwenye simu, kwa hiyo siisimulii. Lakini yule kijana wa video alizima kamera tulipomaliza kuweka mashada, na kilichofuata ndicho nilichotaka ukione.

Mzee wa ukoo alisimama akauliza kama kawaida: kuna yeyote anayemdai marehemu? Ajitokeze sasa, watoto wake wapo. Kimya. Kisha mama mmoja mzee akanyanyuka kule nyuma, kanga imefungwa kiunoni, akasema yeye hadai, anadaiwa. Bibi alimkopesha debe la mahindi mwaka wa njaa, na kila alipotaka kurudisha Bibi alikuwa anamwambia subiri. Sasa amlipe nani? Watu wakacheka, wengine wakaanza kulia upya. Baada yake wakafungulika. Mmoja Bibi alimfundisha kupunguza matawi ya mibuni. Mwingine alifichwa jikoni kwake usiku mzima, anamkimbia mumewe mlevi. Mwanamume mmoja mwenye mvi alisema ada yake ya shule ilitoka kwenye kahawa ya Babu, zile enzi ambazo mtu alipeleka kahawa yake chama cha msingi, KNCU, ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ikauza, na mtoto akasoma. Habari hiyo hata baba mkubwa hakuwa nayo. Wakati huo mimi nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nasikiliza habari za mtu niliyedhani namjua.

Hao wasingefika Kinondoni. Hawana nauli, na hakuna ambaye angewapa taarifa. Hilo ndilo jibu langu, mdogo wangu. Sina jibu la mizimu wala la mila, yaulize kwa wanaoyajua.

Liko na jingine, la kidunia zaidi. Jioni baba mdogo alinionyesha mpaka wa kihamba, shamba letu la urithi, upande wa chini, masale kwa masale, akaniambia madalali wanapita. Majirani wawili wameshauza vipande. Kahawa hailipi kama zamani, watoto wako mjini, na kihamba chenyewe kikigawanywa kila kizazi kinabaki upana wa uwanja wa nyumba. "Lakini nani atanunua penye makaburi?" akaniuliza, na akawa anatabasamu. Kwake yeye, Bibi sasa analinda shamba kuliko hati yoyote. Nilimwelewa. Ila nilipata pia wasiwasi, kwa sababu ukilipima eneo lile kwa macho, kati ya kaburi la Bibi na mfongo imebaki nafasi ya mtu mmoja, wakijibana wawili. Baba mkubwa ameshasema moja ni yake. Kitinda mimba anayeishi pale ni baba mdogo, kwa hiyo ya pili haina mjadala.

Sisi je? Watoto wetu waliozaliwa Dar, wako waliozaliwa huko uliko, ambao Marangu wanaijua kwa picha za Krismasi? Kwa Bibi swali lako lilikuwa na jibu. Kwetu sisi sina, na sitaki tulijibu usiku wa msiba, mwili uko mochwari na simu zinaita.

Kaburi litajengewa Desemba, baada ya Krismasi, watu wakiwa wamerudi nyumbani. Siku ile ile kutakuwa na kikao cha ukoo. Nimeshamwambia baba mkubwa aweke mambo mawili kwenye ajenda: mfuko wa wagonjwa, na hilo la nani azikwe wapi. La kwanza alikubali. La pili alininyamazia, ila hakukataa. Nataka wewe ndiye ulizungumze, kwa heshima, usianze na habari ya gharama. Shangazi mletee kanga nzuri kabla hujafungua mdomo.

Tiketi ya basi nitakukatia mimi mapema, maana mwezi huo ukichelewa hupati siti ya kwenda Moshi kwa bei yoyote ya maana. Nitumie tarehe unayotua.

Kaka yako