Barua kutoka shamba la wasabi

Matsumoto, Japani
Mei 2024

Ndugu yangu Elia,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa wote hapo nyumbani kihambani. Mimi mzima, ila masomo yamenibana. Jumamosi niliyaweka kando, nikapanda treni hadi Hotaka, nusu saa hivi kutoka hapa, nikakodi baiskeli nikaenda kuliona shamba la Daio la wasabi, kile kiungo kikali cha Kijapani.

Unakikumbuka kile kijani tulichowekewa kando ya samaki wabichi kwenye harusi ya binamu yako Dar, ukatokwa machozi mbele ya wakwe? Nina hakika haikuwa wasabi. Nyingi inayouzwa duniani ni mzizi mwingine mkali wa Ulaya, ukatiwa haradali na rangi. Kwa hiyo ulilizwa na mwigo!

Wasabi yenyewe hapa haioteshwi kwenye udongo. Shamba lote, kama hekta 15, ni matuta ya changarawe, na katikati yake maji yanapita muda wote, maangavu hata kokoto unaziona mojamoja. Ni theluji ya milimani iliyoyeyuka, ikazama ardhini, ikaibukia hapa kwenye chemchemi. Kiangazi na kipupwe yanabaki kwenye nyuzi 13 hivi. Yakipata joto, mmea unaoza. Walianza mwaka 1915, wakachimba kwa mikono karibu miaka 20. Nilimkumbuka mzee wako anavyolinda zamu yake ya mfongo, ule mfereji wetu wa maji, ila yeye huyapeleka maji kwa migomba. Hawa wameupeleka mmea kwenye maji.

Majani ni mapana, ya mviringo, na hayapendi jua kali. Ndiyo maana sasa wameyatandikia nyavu nyeusi juu, shamba zima likawa kivulini. Mpaka shina linenepe vya kutosha huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Sasa elewa kwa nini bei yake inatisha.

Mchana niliagiza tambi za soba, zikaja na shina bichi na kikunio. Wengine hutumia ngozi ya papa. Unakuna polepole kwa kuzungusha, kwa sababu ukali haumo mpaka uliponde: hapo ndipo unapozaliwa, na baada ya robo saa umeshapungua. Ulinipanda puani, ukanifumba macho, kisha ukatoweka, ukaacha utamu fulani. Pilipili zetu hukaa ulimini, huu haukai. Aiskrimu ya wasabi nayo nilionja. Ni ya watalii kupigia picha tu, usiililie.

Najua unavyowaza, lakini usianze kuchimba matuta huko Machame! Miaka miwili ya kungoja zao moja, na mama anataka ada ya wadogo kila Januari?

Nijibu mapema. Masika imenyesha vizuri? Na ile pesa ya mbolea, nieleze kama imefika, maana wakala alinizungusha sana.

Wako,
Baraka