Hujaimaliza, Swahiba

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu ni kwako, na safari hii ni hofu ya kweli. Umeniandikia kwa mbwembwe kwamba umemaliza filamu za The Lord of the Rings zote tatu, halafu mistari michache baadaye unasema uliizima ya tatu pale Aragorn alipovishwa taji, kwa kuwa hadithi ilikuwa imekwisha na waliobaki walikuwa wanaagana tu. Hujaimaliza. Umekula ng'ombe mzima, mkia umekushinda.

Najua hauko peke yako. Tangu The Return of the King itoke Desemba 2003, utani juu yake ni uleule: ina miisho mingi. Skrini inaingia giza, watu wanashika mikoba yao, kumbe bado. Kinatokea kitanda, kisha taji, kisha kijiji, kisha bandari. Toleo la sinema lina dakika 201, na mtu aliyekwisha kaa saa tatu ana haki ya kulalamika. Mimi mwenyewe naona yale magiza yamezidi. Mwongozaji Peter Jackson angeweza kuyashona matukio yale bila kutudanganya mara kwa mara kwamba tunaruhusiwa kusimama. Lakini wewe hukulalamikia magiza. Umesema hadithi iliisha pale ile pete ya uovu ilipoyeyuka, na hapo ndipo nabishana nawe.

Hebu rudi pale ukingoni mwa moto. Nini hasa kilitokea? Frodo, Hobiti, yaani mmoja wa wale watu wafupi wa Shire, aliyepewa kazi ya kuitupa pete motoni, alishindwa. Amebeba kile kitu tangu filamu ya kwanza, amechomwa kisu, amedungwa sumu na buibui, rafiki yake Sam amembeba mgongoni hatua za mwisho, amefika mahali penyewe, na anapotakiwa kufungua mkono tu, anageuka na kusema pete ni yake. Anaivaa. Shujaa wa filamu tatu anaanguka mtihani mbele ya macho yetu, na dunia inaokolewa na Gollum, kiumbe aliyewahi kuwa na pete hiyo, ambaye hakuwa na nia ya kuokoa chochote. Alitaka pete yake. Anakikata kidole kwa meno, anaishika, anaifurahia, wanakabana, anatumbukia nayo.

Ungedhani ni bahati tu. Lakini kumbuka filamu ya kwanza, ile ya 2001, ndani ya migodi ya Moria. Frodo anasema ni hasara kwamba Bilbo, mzee wa ukoo wake, hakumuua Gollum alipopata nafasi, na mzee Gandalf, yule mchawi, anamjibu kwamba huruma ile ya Bilbo huenda ikaamua hatima ya wengi. Tuliyasikia tukayapita, tukidhani ni hekima za wazee. Katika filamu ya pili Frodo mwenyewe anamhurumia Gollum, Sam akinung'unika pembeni. Na katika ya tatu deni linalipwa: kama yeyote kati yao angemmaliza Gollum mapema, siku ile pale ukingoni asingekuwepo wa kumnyang'anya Frodo pete. Ushindi umetoka kwenye mapanga yaliyorudishwa alani. Mimi huo ndio mwisho unaonikata kiu, maana haukushushwa kutoka mawinguni dakika ya mwisho.

Na ujue watengenezaji hawakuupata kirahisi. Filamu zote tatu zilipigwa kwa mkupuo mmoja New Zealand, kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000, kisha wakawa wanarudi kuongeza vipande. Mara ya kwanza walipiga toleo ambalo Frodo anamsukuma Gollum makusudi. Baadaye wakaona hiyo ni kuua mtu waziwazi, wakalirudia, sasa wawili wanapigania pete na kuanguka pamoja. Kwenye kitabu cha Tolkien, juzuu ya mwisho iliyotoka 1955, Gollum anateleza mwenyewe katika kushangilia kwake. Kwa skrini naona la filamu ni zuri zaidi: Frodo anaanguka akiwa bado anaitaka. Sam anapomnyoshea mkono, kuna sekunde ambayo huoni kama Frodo anataka kuokolewa. Elijah Wood, anayemwigiza Frodo, anaicheza sekunde hiyo kwa macho tu.

Uliona pia filamu inavyoanza? Vita kubwa kuliko zote iko njiani, na Jackson anafungua na wavuvi wawili ndani ya mtumbwi. Sméagol, ndiye Gollum kabla hajaharibika, na jamaa yake Déagol, siku ya kuzaliwa, samaki anamvuta mmoja majini, anaibuka na pete mkononi. Dakika chache baadaye mmoja amemnyonga mwenzake. Andy Serkis, ambaye tulizoea kumsikia ndani ya umbo la kompyuta, hapa anaonekana kwa sura yake mwenyewe, kisha tunaona sura hiyo inavyooza. Saa tatu mbele kuna marafiki wengine wawili, Frodo na Sam, wamelala juu ya jiwe katikati ya moto unaotiririka, pete haipo tena, wanasubiri kufa na wanazungumzia kwao. Pete ileile, urafiki wa wawili, na jibu tofauti. Usiniambie wametokea hivyo kwa bahati mbaya.

Vita sina haja ya kukueleza, ulinipigia kelele mwenyewe kuhusu mioto ya ishara inayowashwa kilele hadi kilele na wapanda farasi wa Rohan wanaoteremka mlimani. Nakuongezea moja tu: yale maelfu yanayopigana kwa mbali yaliendeshwa na programu iitwayo Massive, aliyoitunga Stephen Regelous, ambamo kila askari wa kompyuta anaona, anasikia na kuamua mwenyewe la kufanya. Jeshi la wafu silipendi. Limepakwa ukijani, linafagia uwanja mzima kama maji, na linapunguza uzito wa kifo cha Théoden, mfalme wa Rohan. Kwenye kitabu wafu wale hawafiki hata Minas Tirith, mji unaopiganiwa. Na kumwondoa Saruman, yule mchawi mwovu, kabisa kwenye toleo la sinema, baada ya filamu mbili za kumwogopa, ni kasoro. Christopher Lee, aliyemwigiza, alikasirika na simlaumu. Toleo refu limemrudisha, kaitafute hiyo.

Sasa sehemu uliyoizima.

Taji uliliona. Sijui kama ulisubiri hadi wale Hobiti wanne wakataka kumwinamia mfalme na mfalme akawazuia, akapiga goti yeye, na uwanja mzima ukapiga goti nyuma yake. Watazame nyuso zao pale. Hawana furaha ya washindi. Wana aibu, wanaangaliana kama wanafunzi walioitwa mbele ya shule bila kujua kosa lao. Filamu nyingine yoyote ingemalizia hapo, ngoma zikapigwa, majina yakapanda. Nadhani ndiyo maana kidole chako kilikwenda kwenye kitufe.

Hii inaendelea hadi kwao, Shire. Tolkien kwenye kitabu aliwarudisha wakakuta nyumbani kumeharibiwa, wakalazimika kupigana tena. Jackson na waandishi wenzake, Fran Walsh na Philippa Boyens, waliiondoa sura hiyo, na wapenzi wa kitabu hawajawasamehe hadi leo. Mimi nawatetea. Kwenye filamu Shire haikuguswa hata na vumbi. Nyasi zilezile, milango ya mviringo ileile, mzee yuleyule mwenye kinyongo anafagia na kuwatazama kwa jicho la chuki wanapopita na farasi zao. Jioni wale wanne wanaketi baa. Pembeni wanakijiji wamezunguka boga kubwa ajabu, wanalisifu kwa sauti. Hakuna anayewauliza wale wanne mlikuwa wapi. Wanagonganisha vikombe vyao bila neno, wanaangaliana, na basi.

Tukio lile la baa naliweka juu ya vita vyote. Wameokoa watu wasiojua kwamba walikuwa hatarini, na jambo kubwa la siku ni boga. Hapo nikamkumbuka Tolkien mwenyewe, aliyepigana Somme mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na aliyeandika baadaye kwamba kufikia 1918 marafiki zake wa karibu wote walikuwa wamekufa isipokuwa mmoja. Yeye alikataa kabisa watu kusoma hadithi yake kama fumbo la vita fulani, nami simlazimishi. Lakini mtu aliyeandika juu ya kurudi nyumbani alijua vizuri kurudi nyumbani kukoje.

Kisha Sam ananyanyuka ghafla, anakunywa kikombe chake hadi chini na kumwendea Rosie. Mtu aliyepanda Mount Doom, ule mlima wa moto, na mwenzake mgongoni anahitaji kujipa moyo ili azungumze na binti wa baa! Nilicheka sana.

Frodo ndiye asiyeweza. Miaka minne imepita tangu achomwe kisu kule Weathertop, anaandika kitabu chake mezani, na jeraha hilo bado linamuuma. Filamu haikuruka jambo hilo. Ndiyo maana nakataa kwamba hadithi iliisha pete ilipoyeyuka: swali la pete lilikwisha, swali la aliyeibeba halikuwa limeguswa. Hadithi nyingi za aina hii humchukua mtu, humpitisha motoni, kisha humrudisha kwao akiwa na kovu la kupendeza na tabasamu. Hii inasema kuna aliyeumia kiasi cha kutoweza kuishi tena mahali alipopaokoa. Inabidi apande merikebu na wale wasiokufa, pamoja na Bilbo na mzee Gandalf, aondoke moja kwa moja.

Kuagana kule bandarini, unakokuita kuagana tu, kulipigwa mara tatu. Mara ya kwanza Sean Astin, anayemwigiza Sam, alirudi kutoka chakula cha mchana bila kizibao chake, na hawakugundua hadi kazi ilipokwisha. Mara ya pili kamera haikuwa imelenga vizuri, picha ikatoka na ukungu. Waigizaji wanne walilia machozi ya kweli mara tatu nzima. Mtoto anayemkimbilia Sam mwishoni anaporudi kwake ni binti wa kweli wa Astin, na wimbo unaofuata majina yakipanda, anaouimba Annie Lennox, ulichochewa na kifo cha Cameron Duncan, kijana mtengenezaji filamu wa New Zealand aliyefariki kwa saratani mwaka 2003 akiwa na miaka 17. Usiuzime nao.

Tuzo za Oscar za 29 Februari 2004 waliiteua filamu hii katika vipengele 11 ikachukua vyote 11, sawa na Ben-Hur na Titanic kwa idadi, ila hizo mbili ziliteuliwa kwenye vingi zaidi ya walivyoshinda. Ilikuwa filamu ya kwanza ya njozi kupewa tuzo ya filamu bora. Wengi wanasema walipewa kwa ajili ya zote tatu kwa pamoja, na nadhani ni kweli, tena ni sawa. Huwezi kuipima ya tatu bila Moria ya ile ya kwanza. Kinachoniudhi ni kwamba hakuna mwigizaji hata mmoja aliyeteuliwa. Sean Astin aliibeba ile filamu kama alivyombeba Frodo, na hawakumpa hata nafasi ya kushindwa.

Ukimaliza, kuna jambo nataka tulibishanie, maana mimi mwenyewe linanivuta huku na huku. Frodo anamwachia Sam kitabu, anamwambia kurasa za mwisho ni zake. Ni zawadi au ni mzigo mwingine? Sam alishabeba vya kutosha, na sasa anabaki yeye na kumbukumbu yote, bila mtu wa kukaa naye kuizungumza ila Merry na Pippin, wale Hobiti wawili wengine. Kuna siku naona Frodo alimtendea wema kwa kumwambia aishi. Kuna siku naona alimwacha. Niandikie wewe unavyoona, kwa kirefu.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.

Tanbihi: Kama jibu lako litaanza na "kwa nini wale tai waliowaokoa Frodo na Sam hawakuwabeba tangu mwanzo," sitafungua bahasha.